Jinsi ya kuandika wasifu wa mzee aliyekuwa fundi

Huku kwetu wasifu wa marehemu huandikwa usiku wa kuamkia mazishi, na anayeuandika huteuliwa kwa sababu tu ana mwandiko mzuri. Anakaa kwenye kona, simu inammulikia karatasi, wajomba wanamtamkia: alizaliwa mwaka fulani, akabatizwa, akasoma mpaka darasa fulani, akaoa, akajaliwa watoto kadhaa, akaanza kuumwa. Kuanzia hapo wasifu unageuka faili la hospitali: sukari, presha, rufaa ya Mbale, rufaa ya Mulago, mpaka pumzi ya mwisho. Nimezisikiliza nyingi za namna hiyo chini ya hema, na nikitoka pale siwezi kukuambia yule mzee alikuwa akiamka asubuhi anafanya nini.

Baba yangu alikuwa seremala, mpiga akogo (ala ya ndimi za chuma inayopigwa kwa vidole gumba), na baba wa nyumba mbili. Alikuwa Mteso wa upande wa Kumi, Mama ni Msamia wa Busia, kwa hiyo lugha ya nyumbani ilikuwa Kiswahili. Alipofariki, wasifu niliuandika mimi. Tangu hapo majirani na watu wa ukoo hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, wananipigia simu wakifiwa na mzee, hasa mzee wa kazi za mikono. Ninayowaambia ndiyo haya.

Anza na wateja

Mtu wa ofisi ana makaratasi: barua ya ajira, ya kupandishwa cheo, ya kustaafu. Fundi hana. Baba hakuwahi kuandikiwa barua na mwajiri yeyote. Alichoacha ni milango, madirisha, mabenchi ya kanisa, nira za ng'ombe wa plau na majeneza, na karibu vyote viko kwa watu. Nunua kaunta buku, panda bodaboda, zunguka.

Kila nyumba uliza mambo haya: ulimwagiza lini, ulimlipa nini, na alikuchelewesha kiasi gani? Hilo la mwisho usilisahau. Watu wakiulizwa habari za marehemu hukaza uso na kusema "alikuwa mtu mzuri," basi. Lakini waulize fundi aliwachelewesha vipi, utaona wanavyocheka, na kicheko hicho ndicho kinacholeta habari. Mama mmoja pale Malaba aliniambia mlango wake ulitangulia kuahidiwa kwa Krismasi, ukaja kufika wakati wa kupanda mtama, na Baba alimletea na kigoda cha miguu mitatu cha kumwomba radhi. Hicho kigoda bado anakikalia akisonga ugali. Nani angeyajua hayo kwa kukaa kwenye kona na wajomba?

Ukifika, usitazame mlango kwa mbele tu. Fungua, angalia upande wa ndani wa fremu, karibu na bawaba, na chini ya kiti, na nyuma ya kabati. Mafundi huandika vipimo kwa penseli mahali ambapo vanishi haifiki, na wengine huacha alama yao. Baba alikuwa anaandika futi na inchi hata baada ya nchi kuhamia rasmi sentimita. Piga picha alama hizo, piga picha na viungio: namna ulimi wa ubao unavyoingia kwenye tundu, na kama aliupigilia kigingi cha mti au msumari. Angalia mbao. Mlango wa mvule unakuambia mwenyewe ni wa zamani. Siku hizi mvule umekuwa adimu, vijana wanatumia msonobari na mkaratusi, na mlango unapinda kabla deni halijaisha. Hilo ni langu, usiliweke kwenye wasifu.

Kisha zana. Hapa uwe mwepesi, maana kikao cha ukoo kikishakaa, randa itakwenda kwa huyu, msumeno kwa yule, na patasi zitapotea bila mtu kujua zilikwenda wapi. Kabla ya kikao, tandika mkeka, panga kila kitu, weka futi pembeni ili ukubwa uonekane, piga picha. Chini ya kila picha andika zana ilitoka wapi. Usizisafishe kwanza. Mpini wa tezo la Baba ulikuwa umelika upande mmoja, kwa sababu kidole gumba chake cha kulia kilikuwa hakikunjiki vizuri, na mtu angeupiga msasa tungelikosa jambo hilo.

Kila zana ina mtu nyuma yake. Randa kubwa ya Baba aliachiwa na Kalasinga aliyemfundisha kazi hapa Tororo. Makalasinga wengi walikuwa mafundi mbao na mafundi chuma tangu siku za ujenzi wa reli, na vijana wengi wa Kiafrika walijifunza kwao, wakianza kwa kufagia maranda. Mwaka 1972 Rais Idi Amin alipowapa Wahindi siku 90 za kuondoka, yule mzee alifunga karakana na kuondoka na sanduku. Randa akamwachia Baba. Katika wasifu habari hiyo ilichukua sentensi tatu, na ilieleza alikosomea, alivyoanza kujitegemea, na kwa nini hadi uzeeni alihesabu inchi kwa Kipunjabi akidhani hatusikii.

Miaka isiyojulikana

Wazee wengi wa rika la Baba, kitambulisho cha taifa kinasema walizaliwa Januari 1. Usibishane na kitambulisho, wala usikiamini. Cha kwanza tafuta kadi ya ubatizo kanisani, maana mapadri na wachungaji wa zamani walikuwa na vitabu vinavyotunzwa vizuri kuliko vya serikali. Tafuta pia tiketi za kodi ya kichwa. Wanaume wengi walizihifadhi miaka na miaka, kwa kuwa kukamatwa bila tiketi ilikuwa balaa, na tiketi ina mwaka na mahali. Tiketi za Baba ndizo zilizotuonyesha kwamba kuna kipindi alikaa Jinja, ambacho hata Mama hakukijua vizuri. (Alikijua. Hakutaka kukizungumza.)

Makaratasi yakikosekana, usimwulize bibi "mwaka gani?" Mwulize kabla au baada ya jambo ambalo hakuna aliyelisahau. Kwa upande wetu huu mambo hayo yapo mengi: askari wa KAR, jeshi la wakoloni, waliporudi kutoka vita vya Burma, mvua kubwa za 1961, maziwa yalipofurika, Uhuru, Oktoba 9, 1962, Papa Paulo VI alipokuja Kampala mwaka 1969, alasiri ya Januari 25, 1971, redio ilipotangaza kwamba Rais Obote amepinduliwa, Amin alipoanguka, Aprili 1979, pesa zilipokatwa sufuri mbili, 1987, waasi wa LRA wa Joseph Kony walipoingia Teso, 2003, mafuriko ya 2007. Chagua yaliyopita karibu na kijiji chenyewe. Mtu wa Pakwach atakumbuka kupatwa kwa jua kwa Novemba 3, 2013, lakini mtu wa Busia hakuona giza lile.

Shangazi alikumbuka kwamba askari waliporudi, Baba alikuwa tayari anachunga mbuzi lakini haaminiwi na ng'ombe. Mtoto wa namna hiyo ana miaka sita, saba, labda minane. Tukaandika "yapata 1938," na tukaeleza kwa nini. Neno "yapata" si aibu. Aibu ni kusimama mbele ya wazee wenzake na kutamka Januari 1, 1942, nao wanatazamana.

Miaka mingine haihitaji tarehe, inahitaji sababu. Baba alipata jina kwa nira. Teso ni uwanda wa nyasi, ardhi ya plau na ng'ombe tangu enzi za pamba, na fundi anayechonga nira isiyomchubua ng'ombe bega hakosi kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ikaja vita, na wavamizi kutoka Karamoja wakaswaga mifugo, mazizi yakabaki matupu. Nani atanunua nira? Ndiyo maana tulihamia Tororo, ndiyo maana aligeukia milango, na ndiyo maana miaka ile alitengeneza majeneza mengi kuliko alivyopenda kusema. Ukifika kwenye kipindi kama hicho, usitaje nani alimfanyia nani nini kama huna uhakika, kwa sababu chini ya hema wameketi watu wa pande zote. Andika mzee wako alifanya nini. Baba alikuwa halipishi jeneza la mtoto. Sentensi hiyo ilitosha.

Muziki usisubiri

Kama mzee wako alikuwa mpiga muziki, hii ndiyo sehemu yenye haraka kuliko zote, na ingefaa uianze akiwa hai. Akogo ya Baba alijichongea mwenyewe: kisanduku cha mbao, daraja la chuma, na ndimi alizofua kutoka spoki za baiskeli. Kila ulimi ulivishwa kipete cha waya ili uvume kidogo. Sauti ya kila ulimi inategemea urefu wake kuanzia kwenye daraja: ukiuvuta mbele sauti inashuka, ukiusukuma nyuma inapanda. Sasa fikiria matanga. Wajukuu kumi wanaichukua kwa zamu, kila mmoja anabonyeza, anavuta, anasukuma. Kufika jioni ya pili ile akogo si ya babu tena.

Kwa hiyo iondoe sebuleni mapema. Kwa penseli kali weka alama ndogo kwenye ubao pale kila ulimi unapoishia, au pima kila ulimi kutoka kwenye daraja hadi ncha na uandike kwa mpangilio, kushoto kwenda kulia. Halafu ingia chumba chenye nguo nyingi na magodoro kisicho na mwangwi, weka simu juu ya kitambaa, gonga ulimi mmoja mmoja, uache kila sauti ife yenyewe kabla ya kugonga unaofuata. Taja namba ya ulimi kabla ya kugonga. Ni kazi ya dakika chache, na mjukuu atakayetaka kuipiga baada ya miaka kumi ataweza kuirudisha ilivyokuwa. Ukimtumia mtu rekodi kwa WhatsApp, itume kama faili, si kama video ya kawaida, la sivyo inabanwa na kupungua ubora.

Kaseti za zamani zina masharti yake. Vunja vile vidude viwili vya plastiki juu ya kaseti ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Ukiona ukungu mweupe ndani, usiiingize kwenye redio kabisa. Mpelekee fundi anayezijua. Ikiwa safi, izungushe taratibu mpaka mwisho na kuirudisha kabla ya kuicheza, kwa kuwa utepe uliokaa miaka hugandamana. Unganisha redio na kompyuta kwa waya. Usirekodi kwa kuweka simu mbele ya spika huku kuku wanawika nje, isipokuwa kama huna njia nyingine. Ukikosa njia nyingine, rekodi na kuku.

Nyimbo zenyewe ziandike kwa lugha aliyoziimba. Nyimbo za Baba zilikuwa za Kiteso, nyingi ni za kuchekana kwenye ajono, pombe ya ulezi, watu wamezunguka chungu na mirija yao mirefu, yeye anamchokoza mwenye kumiliki chungu. Tafsiri haiwezi kukuchekesha. Niliandika maneno ya Kiteso kama yalivyo, chini yake mistari miwili ya Kiswahili kueleza nani anasemwa na kwa kosa gani. Watafute aliopiga nao, maana akogo hupigwa kwa kundi, kubwa na ndogo zikijibizana, na mwenzake wa akogo ndogo anajua nyimbo ambazo familia haijawahi kuzisikia. Wa Baba alikuwa fundi baiskeli hapo Mukuju. Nilimkuta amenuna kwa sababu hakuna aliyemwambia msiba kwa mdomo. Alisikia tangazo redioni kama mtu baki. Nilimwita Baba Mdogo, nikapiga magoti nikamsalimia, ndipo akaanza kuimba.

Na usidhani muziki wa mzee wa kijijini hauna wa kuuthamini. Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Uganda, alizunguka nchi hii kati ya 1949 na 1952 akirekodi watu wa namna hiyohiyo. Rekodi zile zilihifadhiwa Uingereza, na baadaye nakala zikarudi Makerere. Ukiwa Kampala, ulizia. Huenda ukamsikia mtu wa kwenu.

Baba kama baba

Hapa wengi huandika orodha: ameacha wajane wawili, watoto kadhaa, wajukuu kadhaa. Orodha iwepo, lakini itengeneze kwa uangalifu. Watoto wapangwe kwa umri, si kwa nyumba. Waliotangulia mbele ya haki watajwe pia kwa majina. Mama yao yupo pale anasikiliza. Ikiwa kuna mtoto wa nje ambaye ukoo haujakaa kumjadili, usimtangaze wewe kwenye kipaza sauti, wala usimfute kwa kuandika idadi kamili. Andika "watoto, wajukuu na vitukuu," upite.

Kisha ongea na kila mtoto peke yake. Wakikaa pamoja, mkubwa ndiye atakayesema na wengine wataitikia. Mimi niliuliza: alikuwa anakuita nani? Alikukasirikia nini? Ulimwona lini akiwa hana hela, na alifanyaje? Jibu la swali la tatu lilifanana kwa nyumba zote mbili: ada ya shule alilipa kwa madawati. Mwalimu mkuu akituma mtoto nyumbani kwa kukosa ada, Baba anapima, anakata, na Jumatatu mtoto anarudi shule nyuma ya mkokoteni wenye madawati. Ndugu yangu mmoja wa nyumba ndogo alisoma hadi darasa la saba akiwa amekaa kwenye ada yake mwenyewe. Maneno hayo ni yake, nikayaweka kama alivyoyasema.

Maneno kama mchapakazi, mcheshi, mpenda dini, aliyependwa na wote, yakate. Yanamfaa marehemu yeyote. Badala ya "alipenda kazi yake" sisi tulisoma: "Akikuta mlango wake umepachikwa vibaya nyumbani kwa mtu, aliung'oa kwenye bawaba kabla hajasalimia." Hema lote lilicheka, kwa sababu nusu yao walishang'olewa mlango.

Ugonjwa mpe sentensi mbili.

Kazi ambazo hazijaisha

Fundi hufa na advansi za watu mfukoni. Kwenye mazishi yetu ni kawaida kutangaza kwamba anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, ajitokeze kwa familia. Kwa fundi hiyo haitoshi. Ingia karakana, tafuta daftari lake, angalia ukutani ambako mafundi huandika majina na hesabu kwa chaki, tazama mbao zilizokatwa na kufungwa pamoja. Tengeneza orodha: nani ameagiza nini, ametoa kiasi gani, kazi imefika wapi. Kisha kaeni kama familia muamue nani atamaliza. Kwetu kaka yangu alichukua madirisha, na fundi wa jirani akakubali kumalizia kabati kwa malipo yaliyobaki. Orodha ikasomwa mwishoni mwa wasifu, mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, akishuhudia. Wengine waliona ni kumwaibisha marehemu. Mimi nasema yule aliyetoa hela ya dirisha na mvua inamnyeshea ndani, ameketi pale tangu asubuhi akiwaza atamwuliza nani.

Kusoma

Kurasa mbili, si zaidi. Jua ni kali, mchungaji ana mazishi mengine, na mheshimiwa mbunge akifika ratiba yote itasimama kumpisha. Omba wasifu usomwe kabla ya hotuba. Kwetu uliandikwa kwa Kiteso na Kiswahili, kwa kuwa wakwe walitoka Busia na ndugu wengine walivuka mpaka kutoka Amagoro upande wa Kenya. Tulisoma aya moja moja kwa zamu, Kiteso kwanza, Kiswahili kikifuata kikiwa kifupi kidogo. Wasomaji walikuwa wawili, mmoja kutoka kila nyumba. Lakini usiku uliotangulia nilikuwa nimeshawasomea wajane wote wawili jikoni, kila mmoja kwa wakati wake. Mama Mdogo aliondoa mstari mmoja. Mama aliongeza mmoja. Sikuuliza sababu.

Nakala moja ibaki kanisani, moja kwa mkubwa wa ukoo, na kaunta buku lenyewe lisifungiwe sandukuni. Acha kurasa tupu nyuma, liweke mahali wageni wa matanga wanapoliona, na atakayesahihisha aandike jina lake na tarehe. Wa kwanza kusahihisha kwetu alikuwa yule mama wa Malaba, kwa mwandiko wa kukwaruza: mlango haukufika wakati wa kupanda mtama, ulifika wakati wa kupalilia.